CV ya mfuatano, ya ujuzi au ya mseto: ipi utume?

Mtu akikaa chini kuandika CV, historia yake anayo kichwani: alikosoma, alikofanya kazi, anachokiweza. Kinachomkwamisha ni mpangilio. Aanze na kazi aliyonayo sasa arudi nyuma mwaka hadi mwaka? Aanze na ujuzi, kazi zije baadaye? Au achanganye? Violezo vya bure vimejaa mtandaoni, vingine vimenakshiwa kama kadi za harusi, lakini hakuna kinachokuambia kimetengenezwa kwa ajili ya mwombaji wa aina gani.

Miundo inayotumika zaidi ni mitatu. Wa mfuatano hupanga kazi kwa tarehe, ya karibuni juu, ya zamani chini. Wa ujuzi hutanguliza mafungu ya stadi na ushahidi wake, kisha waajiri na tarehe hutajwa kwa ufupi mwishoni. Mseto huanza na fungu fupi la ujuzi, halafu hufuata historia kamili ya kazi. Mawasiliano, elimu, lugha na wadhamini hubaki vilevile popote utakapoangukia.

Kinachoitofautisha hasa ni swali ambalo kila muundo unalijibu kwanza. Wa mfuatano hujibu "ulikuwa wapi?" Wa ujuzi hujibu "unaweza nini?" Mseto hujaribu kuyajibu yote mawili kabla msomaji hajafungua ukurasa wa pili. Kwa hiyo soma tangazo la kazi kwanza, kisha jiulize: historia yangu ikisomwa hivihivi ilivyo, bila mimi kuwepo kuielezea, inaelekea kwenye kazi hii? Jibu la swali hilo litakufaa kuliko kiolezo chochote.

Ili tusiongee hewani, nitamtumia mwombaji mmoja wa kubuni. Ni mtunza stoo. Mwaka 2012 hadi 2015 alikuwa karani wa mapokezi. Kuanzia 2015 hadi 2019 alitunza stoo ya kampuni ya vifaa vya ujenzi. Akaacha kazi kumuuguza mzazi, na tangu 2021 ni mtunza stoo mkuu wa hospitali. Sasa anaomba nafasi ya ofisa ununuzi. Cheo hicho hajawahi kuwa nacho, ila kazi zake nyingi amekuwa akizifanya: kuandaa maagizo, kulinganisha bei za wauzaji, kuvutana nao hadi bei ishuke.

## Vigezo vya kupimia

Kinachoonekana kwanza. Anayepokea maombi mengi hasomi neno kwa neno. Macho yake hukimbilia nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwenye vyeo, majina ya waajiri na tarehe, kisha anaamua kama aendelee au aweke pembeni. Ulichokipanga pale juu ndicho kinachokubebea maombi yako.

Mapengo na misukosuko. Miaka bila ajira, kazi za miezi michache, kuhama fani. Muundo unaviweka wapi?

Programu za kupokea maombi. Waajiri wengi wakubwa hupokea CV kupitia programu inayoyanyofoa maandishi na kuyapanga kwenye visanduku: jina, mwajiri, cheo, tarehe, elimu. Baadaye ofisa wa rasilimali watu hutafuta kwa maneno, kama mtu anavyotafuta kitu mtandaoni. Kuna uvumi kwamba programu hizi huzitupa CV zenyewe kwa sababu ya fonti au rangi. Mara nyingi kinachomkata mwombaji papo hapo ni majibu yake kwenye fomu, mfano akiulizwa kama ana leseni fulani akajibu hana. Hatari ya CV yenyewe ni nyingine: ikinyofolewa vibaya, utakapotafutwa hutaonekana.

Jasho. Kuiandika mara ya kwanza, na kuirekebisha kila tangazo jipya linapotoka.

Imani. Je, msomaji anaweza kuyahakiki unayoyasema, au inambidi akuamini tu?

## Muundo wa mfuatano

Kinachoonekana kwanza. Cheo cha sasa, mwajiri, mwaka. Kwa aliyepanda ngazi ndani ya fani moja, hapa hakuna wa kumshinda. Mhasibu msaidizi, mhasibu, mhasibu mkuu: ameshaeleweka kabla hajajieleza. Kwa mtunza stoo wetu mambo ni mengine. Ofisa anayetafuta mtu wa ununuzi anakutana na neno "mtunza stoo", na akiwa na haraka anaishia hapo.

Lakini muundo huu una nafasi ambayo wengi hawaitumii. Cheo hukigusi, kwa kuwa hicho kilitolewa na mwajiri na kukibadilisha ni kudanganya. Mpangilio wa majukumu chini ya cheo ni wako. Hakuna kanuni inayosema jukumu la kwanza liwe lile lililokula saa nyingi zaidi. Mtunza stoo anaweza kuandika hivi:

Mtunza stoo mkuu, hospitali, 2021 hadi sasa
– Naandaa maagizo ya kila mwezi ya dawa na vifaa, na kulinganisha bei za wauzaji kabla ya kupeleka kuidhinishwa.
– Nilijadiliana na wauzaji wawili wa glavu na bomba za sindano. Gharama za bidhaa hizo zilipungua kwa asilimia 9 ndani ya mwaka mmoja.
– Natunza leja na kuhesabu mzigo kila mwezi.

Leja na kuhesabu mzigo, vilivyomkalia siku nyingi zaidi, vimeshuka chini. Hakuna uongo ulioandikwa, na msomaji wa ununuzi amepata alichokitafuta mistari miwili chini ya cheo.

Mapengo na misukosuko. Yako uchi. Kati ya 2019 na 2021 kuna shimo na kila mtu analiona. Wengine huondoa miezi na kubakiza miaka, jambo linalosaidia kwa pengo la miezi mitatu au minne lakini haliwezi kuziba la miaka miwili. Mimi napendelea mstari mmoja mkavu: "2019–2021: Nilimuuguza mzazi, nilimaliza kozi ya ununuzi na ugavi." Jina la ugonjwa halihitajiki, wala kuomba radhi. Pengo lenye mstari mmoja halimshtui mtu. Lililoachwa tupu humfanya msomaji alijaze mwenyewe, naye akijaza huwa hajazi kwa wema.

Programu za kupokea maombi. Huu ndio muundo zilizotengenezewa. Tumia vichwa vya kawaida, "Uzoefu wa kazi", "Elimu", "Ujuzi", na uache vile vya kishairi kama "Safari yangu hadi sasa". Epuka majedwali na safu mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu, kwa kuwa programu nyingine husoma mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia na kuchanganya maneno ya safu zote mbili. Namba ya simu na barua pepe viwe ndani ya ukurasa wenyewe, visiwe kwenye ukanda wa juu kabisa ambao baadhi ya programu huuruka.

Jasho. Kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa haidai marekebisho makubwa, watu huandika moja na kuituma kila mahali bila kugusa hata koma.

Imani. Ya juu kuliko yote. Kila dai linakaa chini ya mahali lilikofanyika, mdhamini anaweza kupigiwa simu. Ndiyo sababu hata Europass, mfumo ambao Umoja wa Ulaya uliuanzisha 2005 na kuufumua upya 2020, hupanga uzoefu kuanzia wa karibuni. Japani nako kuna fomu sanifu iitwayo rirekisho, ambayo kwa desturi huanza na ya zamani na kushuka hadi ya sasa. Ukidaiwa fomu ya namna hiyo, mjadala wote huu umekwisha. Jaza kama ilivyo.

Inamfaa nani. Aliyekaa kwenye fani moja, anayeomba cheo kinachofuata kwa mantiki, na yeyote anayeomba serikalini, benki, hospitali au mahali pengine penye taratibu kali. Inamfaa pia mhitimu mpya aliyefanya mafunzo kazini ya maana, ila yeye elimu huiweka juu ya uzoefu.

## Muundo wa ujuzi

Kinachoonekana kwanza. Mafungu matatu au manne yenye majina ya stadi. Mtunza stoo wetu angekuwa na "Ununuzi na majadiliano ya bei", "Usimamizi wa mzigo" na "Kumbukumbu na ripoti", kila moja likiwa na mistari miwili mitatu ya ushahidi. Neno "mtunza stoo" lingeonekana mara ya kwanza chini ya ukurasa. Kwa msomaji anayeuliza "unaweza nini?" huo ni mwanzo mzuri sana.

Mfano wa zamani wa mpangilio huu unavutia. Miaka ya 1480 Leonardo da Vinci aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, aliyekuwa akiitawala Milan. Hakutaja amefundishwa na nani wala amewahi kumtumikia nani. Alipanga uwezo wake kwa namba: madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kuyatoa maji kwenye mahandaki ya ngome, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa. Uchoraji, ambao ndio uliompa jina duniani, aliutaja mwishoni kabisa pamoja na ujenzi na uchongaji, kama mambo ya wakati wa amani. Sforza alikuwa na maadui, na mwombaji alijua nini kinamnyima usingizi. Jambo linalosahaulika katika barua ile ni mwisho wake: alisema kama kuna lolote litakaloonekana haliwezekani, yuko tayari kulifanya mbele yake, mahali popote atakapochagua. Alijua kwamba orodha ya uwezo bila historia inadai uthibitisho.

Mapengo na misukosuko. Vinafichika. Wengi huuchagua muundo huu kwa sababu hiyo tu, na wasomaji wenye uzoefu wanalijua hilo. Wakiona mafungu ya ujuzi bila tarehe, cha kwanza wanachokitafuta ni tarehe. Funika kombe mwanaharamu apite haifanyi kazi kwa mtu aliyeajiriwa kufunua makombe.

Programu za kupokea maombi. Hapa unaumia. Mistari yako haijafungwa kwa mwajiri wala mwaka, kwa hiyo kisanduku cha uzoefu kinaweza kubaki kitupu au kujazwa ovyo. Tena fomu za mtandaoni mara nyingi huuliza tarehe za kila kazi, kwa hiyo ulichokificha kwenye CV utakiandika kwa mkono wako dakika tano baadaye.

Jasho. Jingi. Kila fungu linachongwa upya kwa kila tangazo, la sivyo linageuka orodha ya sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza, ninayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu. Hizo hazimsaidii msomaji. Hakuna mwombaji aliyewahi kuandika kwamba yeye ni mvivu.

Imani. Ya chini, mpaka uijenge mwenyewe. Swali linalobaki kichwani mwa msomaji ni "hayo uliyafanyia wapi?" Unaweza kulijibu kwa kumalizia kila mstari na mahali na mwaka, "(stoo ya vifaa vya ujenzi, 2017)". Au ufanye alivyofanya Leonardo: weka kitu kinachoonekana. Picha za samani ulizotengeneza, kiungo cha tovuti uliyoijenga, makala ulizoandika, jina la mteja aliyekubali kupigiwa simu. Bila kimojawapo kati ya hivyo, muundo huu unayumba.

Inamfaa nani. Mafundi, wabunifu, wapiga picha, watu wa vibarua vingi vifupi ambavyo vikipangwa kwa tarehe vinajaza kurasa tatu bila kueleza kitu. Wanaorudi kazini baada ya miaka mingi nyumbani, ambao uwezo wao ulikua kwenye kazi zisizo na mshahara: kushika fedha za kikundi, kuendesha biashara ndogo, kujitolea. Na yeyote ambaye CV yake itafika mkononi mwa mtu anayemfahamu. Hapo msomaji ameshakuamini, anataka tu kujua akuweke wapi.

## Muundo mseto

Kinachoonekana kwanza. Maelezo ya mistari mitatu, kisha stadi nne hadi sita zenye ushahidi, kisha kazi ya sasa. Mtunza stoo wetu angeanza hivi:

"Mtunza stoo mkuu mwenye miaka minane ya kuandaa maagizo, kulinganisha bei na kujadiliana na wauzaji, katika vifaa vya ujenzi na vya hospitali. Nina cheti cha ununuzi na ugavi. Natafuta nafasi ya ofisa ununuzi."

Cheo hakikufichwa, kimetajwa mwanzoni kabisa, na papo hapo kimepewa maana anayoihitaji msomaji. Ndiyo nguvu ya mseto kwa mtu anayehama fani kwa hatua moja.

Mapengo na misukosuko. Yapo, ila msomaji anayafikia akiwa ameshapata sababu ya kuendelea. Mstari mkavu niliousema unahitajika hapa vilevile.

Programu za kupokea maombi. Haina shida mradi historia ya chini iwe kamili, yenye vyeo, waajiri na tarehe. Fungu la juu lina faida ya ziada: ni mahali pa kutumia maneno yaleyale ya tangazo. Tangazo likisema "ununuzi na ugavi", nawe kila mahali umeandika "manunuzi" peke yake, anayetafuta kwa maneno anaweza kukupita. Tumia maneno yao pale yanapokuwa kweli kwako. Kunakili tangazo zima kwa herufi nyeupe zisizoonekana ni ujanja uliozeeka: programu huyanyofoa maandishi yote bila kujali rangi, na msomaji anayakuta yamelala hapo.

Jasho. Ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa sababu moja: marudio. Jambo lililosemwa juu linarudi chini kwa maneno mengine kidogo, ukurasa wa kwanza unajaa na hakuna kipya kilichosemwa. Juu iseme nini, chini iseme wapi, namna gani na kikatokea nini. Ukiona sentensi mbili zinazoweza kubadilishana nafasi bila mtu kugundua, futa moja.

Imani. Nzuri, kwa sharti kwamba kila dai la juu lina nyumba yake chini. Jipime: chukua kalamu, vuta mstari kutoka kila stadi hadi kazi ulikoifanyia. Stadi isiyopata pa kwenda inaondoka.

Inamfaa nani. Anayehama fani akiwa na uzoefu unaogusana na anakokwenda. Mwenye uzoefu mrefu uliotawanyika kwenye sekta kadhaa. Aliyefanya kazi za cheo kikubwa kwa jina la cheo kidogo, na watu hao ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Haimfai mhitimu mpya: hana vya kutosha kujaza ngazi mbili, kwa hiyo anaishia kusema kitu kimoja mara mbili.

## Mstari wenyewe

Nimeongea sana kuhusu mpangilio, na mpangilio haumwokoi mtu aliyeandika mistari mibovu. Huu nimeuona kwa sura nyingi:

"Nilihusika na usimamizi wa stoo na majukumu mengine niliyopangiwa."

"Nilihusika" ni neno la kujificha. Hata aliyefagia stoo alihusika. "Majukumu mengine niliyopangiwa" limenakiliwa kutoka kwenye mkataba. Muulize mwandishi: stoo ilikuwa kubwa kiasi gani? Ulipoingia uliikuta vipi? Ukaiacha vipi? Akijibu maswali hayo matatu, mstari unajiandika:

"Nilitunza stoo ya aina 1,200 za vifaa. Nilihamisha uhesabuji wa mzigo kutoka mara moja kwa mwaka hadi kila mwezi. Tofauti kati ya leja na mzigo halisi ilishuka kutoka asilimia 6 hadi chini ya 1."

Huna takwimu? Kuna vipimo vingine: mara ngapi, watu wangapi, haraka kiasi gani, nani aliacha kulalamika. "Niliwafundisha makarani wapya wanne" ni takwimu. Usizibuni tu. Kwenye usaili utaulizwa hiyo asilimia 6 uliipataje, na anayeuliza atakuwa anakutazama usoni.

Ona pia kwamba mstari huo unakaa vizuri kwenye miundo yote mitatu. Ukiwa na mistari kumi ya namna hiyo, kuhama kutoka muundo mmoja hadi mwingine ni kazi ya jioni moja. Ukiwa huna, utabadilisha violezo mwaka mzima.

## Maamuzi madogo

Ukurasa mmoja au miwili? Mmoja kwa mhitimu mpya, miwili kwa mwenye miaka mingi, zaidi ya hapo kwa wasomi na watafiti tu. Usiifinye fonti hadi msomaji atafute miwani.

PDF au Word? Tangazo likisema, tii. Lisiposema, PDF haivurugiki ikifunguliwa kwenye mashine nyingine, ila hakikisha maandishi yake yanaweza kuchaguliwa na kunakiliwa. CV iliyopigwa picha ikageuzwa PDF haisomeki kwa programu nyingi. Jina la faili liwe lako. "CV mpya mwisho kabisa 3" si jina.

Picha, umri, ndoa, dini? Inategemea unakoomba. Marekani na Uingereza havitakiwi, na kuviweka kunampa mwajiri kazi ya kujikinga asije akashtakiwa kwa ubaguzi. Ujerumani picha ilizoeleka kwa miaka mingi, ingawa tangu sheria ya usawa ya 2006 mwombaji hapaswi kulazimishwa. Tahadhari hii ina msingi: utafiti uliochapishwa 2004 ulituma CV za kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, na zile zenye majina yaliyosikika ya Wazungu ziliitwa kwa takriban asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina yaliyosikika ya Waamerika Weusi. Ukiona tangazo halijaomba, usijitolee.

Wadhamini wawekwe pale tangazo linapowaomba, na uwapigie simu kabla hujawaandika.

## Kulingana na hali yako

Kama uko kwenye fani moja na unaomba hatua inayofuata, nenda na mfuatano. Muda wa kuhangaika na muundo upeleke kwenye mistari.

Umemaliza chuo juzi: mfuatano, elimu juu, mafunzo kazini na kazi za kujitolea ziandikwe kwa uzito uleule wa ajira, zikiwa na tarehe na matokeo. Mradi wa mwisho wa masomo unaweza kusimama kama kazi ikiwa unagusa unachokiomba.

Unahama fani na una uzoefu unaogusana na huko, kama mtunza stoo wetu: mseto. Unahama na huna kinachogusana kabisa, mathalani kutoka udereva kwenda uuguzi? Hapo kinachokubeba ni mafunzo mapya. Tumia mfuatano, elimu mpya juu, na barua ya maombi ieleze sababu.

Umekaa nje ya ajira miaka mingi: ukiomba kupitia fomu ya mtandaoni, tumia mseto wenye mstari wa kueleza pengo. Ukipeleka kwa mtu aliyekuulizia mwenyewe, wa ujuzi unatosha, na utakuwa mfupi.

Unaishi kwa vibarua na miradi: wa ujuzi pamoja na sampuli za kazi. Kampuni kubwa ikikutaka, kusanya miradi yote chini ya kichwa kimoja, "Kazi za kujitegemea, 2018 hadi sasa", uorodheshe mitano iliyo bora. Papo hapo umepata CV ya mfuatano ambayo programu inaielewa.

Unaomba kazi ya chuo kikuu au utafiti: achana na yote haya matatu. Huko wanataka orodha ndefu ya machapisho, ufundishaji na ruzuku, na idara nyingi zina mpangilio wake. Omba CV ya mtu aliyeajiriwa humo uione.

Na kama bado unasitasita kati ya mfuatano na mseto, chapa ukurasa wa kwanza wa kila moja. Mpe mtu asiyeijua kazi yako, hesabu hadi kumi, uuchukue, umuulize unaomba kazi gani. Tuma ule alioujibu bila kubahatisha.